Barua Niliyoichambua Kama Majani Chai

Mwalimu mkuu alinikuta kwenye kituo cha majani chai siku ya Jumanne, nimesimama kando ya mizani, akanipa ufunguo mdogo wa kufuli. Akasema shule inaniomba niwe mlezi wa kikundi cha wanafunzi wasikilizaji. Nilipaswa kuurudisha ufunguo ule kiganjani mwake. Nilipaswa kusema, "Mwalimu, mimi sijui kusikiliza, uliza hata nyumbani kwangu." Badala yake niliufunga kwenye mnyororo wa saa yangu, nikauliza kama mlezi huketi mstari wa mbele siku ya wazazi.

Kiti cha mbele nilikipata. Kilikuwa na kitambaa.

Mimi ni mzee wa kidato cha nne. Nilimaliza shule wakati ambapo kumaliza kidato cha nne kulitosha kumfanya mtu asomee kijiji kizima barua zao, na nadhani hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, huu wa kudhani kwamba kila karatasi imeandikwa ili mimi niipitishe. Nimekuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kununulia majani chai, upande wa Kiptere, kwa miaka mingi kuliko inavyofaa mtu mmoja kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Wakulima huleta majani kwa vikapu, huyamwaga mezani, karani huyakagua kabla ya kuyapima. Kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi, basi. Jani gumu hutolewa, na halitupwi. Hurudishwa kwa mwenyewe, katika kikapu chake, mbele ya majirani, ili aone haya na siku nyingine achume vizuri. Desturi hiyo niliiheshimu kuliko katiba. Niliwahi kumrudishia mke wa mchungaji nusu kikapu, na Jumapili iliyofuata nikakaa kanisani bila kuinamisha kichwa.

Ndiyo sababu walinitaka. "Hawa watoto wanasikia mambo mengi mno," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba majani yangetusikia. "Tunahitaji mzee wa kuchuja."

Watoto wenyewe walikuwa kumi, wasichana sita na wavulana wanne, na kiongozi wao alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa kidato cha tatu, akiishi kwangu tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Aliniita Kugo, yaani babu, na kwetu babu na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana hata mahali ambapo baba angechapa. Alikuwa akiniambia suruali yangu ni ya zamani kuliko uhuru. Nilikuwa nikimwambia nitamwoza kwa mzee mwenye ng'ombe mmoja na meno mawili. Tuliishi hivyo.

Kikundi chao kilianza bila mlezi, bila fulana na bila wimbo. Muuguzi wa zahanati aliwafundisha kwa mihula miwili, siku za Jumatano baada ya masomo. Walikuwa na benchi moja nyuma ya jiko la shule. Mwanafunzi aliyeguswa vibaya, au aliyetishwa, au aliyefuatwafuatwa na mtu mzima, alijua kwamba akiketi kwenye benchi lile mmoja wao atakuja kuketi naye. Hawakuwa wapelelezi. Walifundishwa kusikiliza, kuamini, kutoahidi siri wasiyoweza kuitunza, na kumsindikiza mwenzao mpaka kwa muuguzi, haraka, kwa sababu kuna dawa za kuzuia ukimwi na mimba ambazo hazingoji: siku tatu zikipita, zimepita. Wavulana nao walikuwa na kazi yao. Kulikuwa na genge lililosimama mlangoni mwa bwalo likiwapa wasichana alama kama ng'ombe wa maonyesho. Wale wanne walikwenda kusimama hapohapo kila siku, wakiuliza kila aliyefungua mdomo, "Unasema nini kuhusu dada ya watu?" Kabla ya muhula kwisha, mlango ukawa mlango tu.

Hayo yote yalifanyika bila mimi. Ningekuwa na akili ningelitambua hilo kuwa ndilo jambo zuri zaidi juu yake.

Jioni niliyopewa ufunguo, mjukuu wangu aliamua kunifundisha. Tulikuwa jikoni, akisonga ugali.

"Kugo, wewe ni mwanafunzi, umekuja kwangu una shida. Sawa? Halafu tutabadilishana."

Nilijifanya mwanafunzi. Nilisema nina shida. Alisogeza kigoda, akakaa, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona kwamba kweli nina shida, nikamwambia habari ya goti langu.

"Pole, Kugo. Asante kwa kuniambia. Ungependa tufanye nini?"

"Wewe ndiye uniambie!"

"Hapana. Goti ni lako. Haya, sasa wewe ndiye msikilizaji." Akaweka mwiko chini. "Kugo, kuna mtu amenifanyia..."

"Ulikuwa wapi saa hizo?" nikauliza.

"...jambo ambalo..."

"Na ulivaa nini? Na mbona hukupiga kelele? Mimi ningekuwa wewe ningepitia njia ya juu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kugo! Umeshauliza maswali matatu na kutoa ushauri mmoja, na mimi bado sijamaliza sentensi. Umefeli. Umefeli vibaya. Ukiendelea hivi nitakupeleka chekechea."

Nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Kamati ya walezi iliundwa wiki iliyofuata, mimi nikiwa mwenyekiti. Wengine walikuwa mwalimu mkuu, naibu wake, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa rafiki yangu tangu tulipotahiriwa pamoja. Huyo alikuwa na pikapu, na aliitoa bure kubeba timu ya netiboli. Tuliona pia ni vizuri tuwe na mwanamke, kwa kuwa mambo yenyewe yalihusu wasichana, tukamchagua mpishi wa shule. Uzuri wake ulikuwa kwamba angetuletea chai bila kuitwa.

Katika mkutano wa kwanza tulifanya kazi kubwa sana. Tulichagua rangi ya fulana. Tuliamua kwamba benchi la nyuma ya jiko halina heshima, tukaliondoa, na mahali pake tukaweka sanduku la bati ambalo ufunguo wa kufuli lake mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kunipa, chini ya bendera, mbele ya ofisi ya walimu, ili kila mtu aweze kuliona. Kila mtu aliliona. Aliona pia kila aliyelikaribia.

Kisha nikatoa mchango wangu wa kitaalamu. Nilisema hatuwezi kupokea kila kinacholetwa. Nikasimama, nikaeleza juu ya meza ya kuchambulia majani, na nikapendekeza kwamba kila barua iwe na majani mawili na kichipukizi: mashahidi wawili, na sahihi ya mzazi. Mwandishi aweke jina lake. Isiyotimiza, irudishwe kwa mwenyewe airekebishe. Wasikilizaji wenyewe wasimpeleke mtu popote kabla kamati haijaketi.

Walinipigia makofi. Rafiki yangu wa pikapu alipiga kwa muda mrefu zaidi.

Mpishi alikuwa amesimama na birika. "Wazee," alisema, "mtoto akiungua mkono jikoni kwangu, mimi simwambii alete mashahidi. Ninamwangalia mkono."

"Asante, mama," nikamwambia. "Sukari imepungua huku."

Mjukuu wangu alinisubiri langoni siku ile. Hakuwa na utani mwingi. "Kugo, mtu akifanya jambo kama lile huwa anatafuta mahali ambapo hakuna mashahidi. Hao wawili watatoka wapi?"

"Sheria ni sheria," nikamjibu. "Hata kituoni watu walilalamika mwanzoni."

"Kituoni ni majani, Kugo."

"Ukikua utaelewa."

Barua za kwanza zilinipa furaha. Nilizichukua Ijumaa, nikazisomea nyumbani baada ya chakula, miwani puani. Moja ililalamikia maharagwe kuwa na wakazi. Nyingine ilisema maji ya kuoga ni ya barafu, jambo la kweli, kwa maana hii ni nchi ya chai. Mvulana mmoja alimshtaki msichana wa kidato cha nne kwa kutomsalimu. Nyingine iliandikwa: "Mlezi, tai yako inatutisha." Zote zilikosa sahihi ya mzazi. Nilizirudisha zote, na nilijiona mtu wa kazi.

Ile barua ilikuja wiki ya tano. Mvua ya saa tisa ilikuwa inapiga mabati, ikichanganyika na mawe, na nakumbuka nilikuwa nikiwaza habari za majani shambani, kwamba mvua ya mawe itayatoboa. Ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili. Jina aliliandika, kwa kuwa sheria yangu ilimtaka aliandike. Ilikuwa mistari mitano au sita. Alisema siku ya kurudi shuleni baada ya likizo fupi alipewa lifti kutoka Kapsoit na mzee anayebeba timu ya netiboli. Alisema mzee huyo alimfanyia jambo asilolitaka, na alimwambia aache, hakuacha. Alisema hataki kuandika zaidi ya hapo. Mstari wa mwisho ulikuwa ombi: "Naomba mtu anisikilize."

Ningependa kusema sikuelewa. Nilielewa kabla sijafika mwisho. Pikapu ni nyingi katika barabara ile, nilijiambia. Lakini inayobeba timu ya netiboli ni moja, na mwenyewe tulikuwa tumekunywa naye chai Jumapili, mezani hapohapo.

Basi nikafanya kile ambacho mtu hufanya asipotaka kuona kilicho mbele yake: nikafuata utaratibu. Nikaichambua. Shahidi wa kwanza, hakuna. Shahidi wa pili, hakuna. Sahihi ya mzazi, hakuna. Yaani hata kichipukizi hakikuwepo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu yake kwa mwandiko wangu mzuri wa zamani: "Irudishwe kwa mwenyewe. Arekebishe."

Jumatatu niliikabidhi kwa naibu wa mwalimu mkuu. Naye, kwa kuwa na yeye ni mtu wa utaratibu, alisimama gwarideni asubuhi, mbele ya shule nzima, akasoma jina la msichana yule na kumwita aje achukue barua yake ya sanduku, haijakamilika.

Aliambiwa aende mbele. Akaenda. Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka kituoni mtu anaporudishiwa kikapu.

Saa sita mchana rafiki yangu alikuwa shuleni akileta kabeji za jikoni, na walimu wakamwambia, kama kichekesho, kwamba sanduku la wazee limeanza kurudishia watoto barua, na barua ya nani. Jioni alikuja kwangu. Alisalimia, akaketi, akapewa maziwa lala ya kibuyu, akanywa yote. Hakutaja barua. Alipoinuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Wewe ni mtu wa kuchagua vizuri. Tangu zamani."

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akiondoka, mkono wangu nikiuweka mbali na mwili kama umeshika kitu kibichi. Hata hivyo nililala. Na siku iliyofuata nilikwenda kituoni, na iliyofuata pia.

Jumamosi mjukuu wangu aliingia akiwa bado na sare ya shule. Hakuketi.

"Tumempeleka," alisema.

"Mmempeleka nani? Wapi? Kwa ruhusa ya kamati gani?"

"Sikiliza hayo maswali yako, Kugo." Hakuinua sauti. "Tumempeleka kwa muuguzi, muuguzi akatupeleka hospitali, halafu polisi, kwa yule mama wa dawati la jinsia. Mama yake alikuja. Mpishi ndiye aliyempigia simu. Unajua daktari aliuliza nini kwanza? Aliuliza ni siku ngapi. Tukamwambia kumi na mbili. Akaweka kalamu chini."

Nikahesabu kwa vidole, nikarudi nyuma mpaka likizo fupi.

"Alikuwa amekuja nyuma ya jiko siku ileile aliporudi. Siku ileile, jioni. Akakuta benchi halipo. Akauliza, akaambiwa siku hizi ni sanduku. Akangoja mpaka apate nguvu ya kuandika, kisha sanduku likangoja Ijumaa yako." Alikuwa akilia sasa, lakini maneno hayakutikisika. "Alikuwa na jani moja tu, Kugo. Yeye mwenyewe. Wewe ukataka mawili na kichipukizi."

"Barua iko wapi?" nikauliza. Naapa nilitaka kusaidia. "Polisi wataihitaji. Imemtaja."

"Aliichoma. Jikoni, kwenye moto wa kuni, baada ya gwaride. Ulimwandikia kwa rangi nyekundu kwamba ina makosa."

Bodi ya shule ilikutana wiki iliyofuata, kwa dharura. Dharura yenyewe haikuwa msichana. Dharura ilikuwa kwamba wanafunzi wametoka nje ya shule na habari za shule bila kupitia kamati. Mtu mmoja alisema tungeketi kama wazee tulimalize nyumbani, kana kwamba sheria inaruhusu, na kana kwamba nyumbani ndiko kulikokosekana wazee. Mwingine alisema jina la shule limechafuka. Mwenye pikapu alituma udhuru kwamba ana mafua. Mwishoni iliamuliwa kikundi kisimamishwe mpaka wasikilizaji wapewe mafunzo ya nidhamu. Karatasi ilihitaji sahihi ya mlezi.

Nilitia sahihi. Ndiyo, hata hapo. Mtu aliyekwisha kukalia kiti chenye kitambaa haachi kwa urahisi.

Nilichofanya baada ya hapo nakitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu kinatosha. Nilipoitwa kituo cha polisi niliandika taarifa. Nilieleza barua ilisema nini, neno kwa neno kadiri nilivyoikumbuka, na nani alikuja kunishukuru. Wenzangu wa kanisani wananisalimu sasa kwa vidole viwili. Kesi ipo mahakamani. Wakili wa rafiki yangu aliniuliza barua yenyewe iko wapi, nikamjibu niliirudisha. Akauliza kwa nini mtu mwenye elimu arudishe barua kama hiyo. Nikamwambia ndiyo desturi yetu kituoni. Ukumbi ulicheka, na mimi nilistahili. Kesi imeahirishwa, kisha ikaahirishwa tena.

Sanduku bado lipo chini ya bendera. Nimesikia nyuki wameingia.

Benchi pia limerudi, ila si kwa amri ya mtu yeyote. Mpishi alilitoa stoo, akaliweka mahali pake, akasema anahitaji pa kumenyea viazi. Wale wasikilizaji tisa waliobaki baada ya mjukuu wangu kuhama huenda kumsaidia kumenya, wawili wawili, na nimeambiwa kwamba viazi vya shule ile siku hizi humenywa taratibu sana. Mafunzo ya nidhamu hayajawahi kufanyika. Hakuna aliyejitolea kuyafundisha.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa kituoni. Uenyekiti nimeuacha, ila miguu hunipeleka yenyewe. Kwenye foleni alikuwapo msichana yule, kikapu mgongoni, nyuma ya mama yake. Hajarudi shuleni tangu muhula ule. Alipofika mezani alimwaga majani yake, akasogea hatua moja nyuma, mikono kifuani, akingoja kuambiwa ni mangapi hayafai. Karani alipitisha mkono. Yalikuwa safi yote, majani mawili na kichipukizi, kama yamehesabiwa moja moja. Karani akamsifu kwa sauti. Msichana hakumwangalia karani. Aliniangalia mimi, kwa muda mfupi, kisha akachukua kikapu chake kitupu akaondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi kwa miezi. Nikagundua kwamba hata hayo nilikuwa nataka ayapokee, ayapitishe, anipimie.

Mjukuu wangu alihamia kwa shangazi yake, binti yangu aliyeolewa Silibwet, na anasomea huko Bomet. Nasikia ameanzisha benchi jingine. Alikuja mara moja kuchukua nguo zake zilizobaki. Nilivaa makusudi ile suruali ya zamani kuliko uhuru, nikapita mbele yake mara mbili. Alikunja nguo zake, akafunga begi, akasema, "Kwaheri, Mwenyekiti."

Hilo ndilo lililonipata kwa kushika ufunguo ule. Msichana mmoja alipoteza siku alizokuwa nazo za kutibiwa, karatasi iliyobeba neno lake, na shule. Mimi nilipoteza mtoto pekee aliyewahi kunyamaza ili anisikilize, na sitaitwa Kugo tena.